Mabaki Yakipanuka Kama Tarumbeta: Kugundua na Kurekebisha Mtawanyiko Usio Sawa

Regresheni ya kawaida, yaani kupitisha mstari wa kutabiri katikati ya data, huchukulia kuwa makosa yametawanyika kwa kiwango kilekile, mwanzo hadi mwisho wa mstari. Makosa hayo tunayaona kupitia mabaki: umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari. Kwenye data za mapato ni nadra kukuta hivyo. Asiye nacho hana la kuchagua, pesa inaishia jikoni. Mwenye nacho, mmoja anakula vizuri na mwingine anajibana. Hiyo ndiyo heteroskedastisiti. Mstari haupindi kwa sababu yake. Kinachoharibika ni kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba, na thamani ya p (inayoonyesha kama matokeo yanaweza kuwa bahati tu) ikafuata.

Tutumie mapato (`income`) na matumizi ya chakula (`foodexp`) ya kaya 235 za wafanyakazi wa Ubelgiji alizozichambua mwanatakwimu Ernst Engel mwaka 1857. Ziko kwenye kifurushi cha quantreg cha R, programu ya takwimu.

Hatua ya 1: chora

`library(quantreg); data(engel)`
`m <- lm(foodexp ~ income, data = engel)`
`plot(fitted(m), resid(m))`

Kushoto nukta zimebanana, kulia zimesambaa. Moja imeangukia chini kabisa, peke yake: kaya yenye mapato ya faranga 4958 iliyotumia 1827 tu kwa chakula, wakati mstari uliitabiria zaidi ya 2500. Usiifute. Tutakutana nayo tena.

Hatua ya 2: pima

`lmtest::bptest(m)`

Hiki ni kipimo cha Breusch na Pagan cha 1979, katika toleo la Koenker lisilodai makosa yafuate mgawanyo wa kawaida. Hapa p ni ndogo mno, yaani mtawanyiko si sawa. Hata hivyo mimi huuamini mchoro zaidi: sampuli ikiwa kubwa, kipimo hupiga kelele kwa jambo dogo. Tena kinaweza kulia kwa sababu tu umelazimisha mstari ulionyooka kwenye data zenye mkunjo, na hapo dawa ni kubadili modeli.

Hatua ya 3: rekebisha kosa sanifu

`lmtest::coeftest(m, vcov = sandwich::vcovHC(m, type = "HC3"))`

HC3 ni fomula ya kosa sanifu isiyodai mtawanyiko uwe sawa. Mteremko unabaki palepale, 0.485: faranga moja zaidi ya mapato, faranga 0.485 zaidi za chakula. Kosa sanifu lililokuwa 0.014 linapanda zaidi ya mara nne, na sehemu kubwa ya kupanda huko inaletwa na ile kaya moja! Kwa sampuli isiyofika 250 nachagua HC3. HC0, fomula ya kwanza ya aina hii, ya White ya 1980, hutoa kosa dogo kupita kiasi data zikiwa chache.

Hatua ya 4: jaribu logi (logarithm)

`m2 <- lm(log(foodexp) ~ log(income), data = engel)`

Chora mabaki upya: tarumbeta limepungua sana. Ila sasa mteremko unasomwa kwa asilimia: mapato yakipanda asilimia 1, chakula kinapanda asilimia ngapi. Mwambie hivyo anayesubiri ripoti, asije akadhani bado ni faranga.

Dawa nyingine ni uzito, yaani `weights`: kuzipa nukta za kuaminika zaidi nguvu zaidi. Nauweka pale tu ninapoujua, mfano kila mstari wa data ukiwa wastani wa kijiji na idadi ya kaya zake ninayo.