Jinsi ya kuagua laana kwenye D&D bila kuiua siri yake

Mnacheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu), mnakuta shoka zuri kwenye kaburi la mfalme, kila mtu analitaka, af mmoja anasema "napiga Identify", yaani uchawi wa kutambua kifaa, na wote wanakugeukia wewe DM, mwendesha mchezo, uwasomee. Ukisoma kila kitu laana imeshakuwa karatasi ya stoo, ukificha kila kitu halafu karakta wa mtu akaumia wiki ijayo anaona umemtegea. Mi nimeendesha kampeni ya toleo la tano muda sasa na hapa ndo nilikuwa nakwama kila mara, mpaka tukaanza kupiga ramli ya kuigiza mezani. Naandika tunavyofanya, chukua ubadilishe.

Kwanza sheria zenyewe, za 2014, maana watu wengi wanazichanganya. Identify ni uchawi wa levo 1, unachukua dakika 1, na ukiufanya kama tambiko unaongeza dakika 10 kwa hiyo 11 zote, ila hauli nafasi yako ya uchawi (spell slot, zile chache unazotumia kupiga uchawi). Unataka lulu ya sarafu 100 za dhahabu na unyoya wa bundi, na lulu inabaki yako. Utajua kifaa kinafanya nini, kina chaji ngapi, kama lazima ufungamane nacho (attunement, kujiunganisha nacho ndo nguvu zake zikufanyie kazi). Laana kwa kawaida hautaiona. Vichache viko tofauti, mfano Armor of Vulnerability yenyewe Identify inaifichua kabisa, so soma maelezo ya kifaa chako kabla ya siku ya gemu, sio mbele ya watu.

Shoka letu lilikuwa Berserker Axe. Angalia lilivyo tamu: Identify inakuonyesha +1 ya kupiga (nyongeza ya 1 kwenye dadu), inakuonyesha uhai wako unapanda 1 kwa kila levo uliyonayo, af inanyamaza. Haikwambii kwamba ukishafungamana nalo hutaki kuliachia hata usingizini, na adui akikuumiza unarusha dadu ya Wisdom (hekima), ukikosa kufika 15 unamvamia aliye karibu yako hata kama ni rafiki yako anakufunga kidonda.

Sasa ramli. Inakuja baada ya Identify, kwa kifaa chochote ambacho kuna mtu mezani anakishuku, na ni hapohapo kwenye kushuku ndo inapata nguvu. Mwache mchezaji aseme mwenyewe "hiki kitu sikiamini." Usimsukume.

Wanaweka kifaa juu ya bakuli la maji, anayeagua anakishika mkono mmoja na lulu mkono mwingine, na anauliza maswali matatu tu: nani kaiweka laana, anataka nini, inateguliwaje. Kila swali dadu moja ya pande 20. La kwanza tunatumia Arcana (ujuzi wa uchawi) kwa kiwango cha 10, yaani dadu na nyongeza yako zifike 10, la pili Insight (kusoma nia ya mtu) kwa 15, la tatu Religion (dini) au History (historia) kwa 20. Mwenye nyongeza ya +5 ana asilimia 80 kwenye la kwanza, 55 kwenye la pili, 30 kwenye la tatu, yaani lile analolitaka kuliko yote ndo gumu kuliko yote, na mi naona ndivyo inavyotakiwa. Mwenzake akimsaidia, mfano anamshika bega na kutaja kitu kimoja alichokiona kuhusu kifaa, anarusha dadu mbili achukue kubwa, hapo lile la pili linafika karibu asilimia 80. Kutaja kitu ni lazima. Ukisema tu "namsaidia" sikupi, sema umeona nini.

Akikosa je? Hapa nisikilize vizuri. Usimwambie "huoni kitu." Jibu anapata, ila analilipia: levo moja ya uchovu. Kwa sheria za 2014 uchovu wa levo ya kwanza unamfanya kwenye kila jaribio la uwezo arushe dadu mbili achukue ndogo, kwa hiyo swali linalofuata linakuwa zito zaidi, na anaweza kuacha hapo au kuendelea. Uchovu unashuka levo moja kwa kila pumziko refu na ukifika 6 unakufa, so usirundike. Huo uamuzi wa kuendelea au kuacha ndo moyo wa kitu chote, nimeshaona watu wazima wanashika dadu dakika nzima bila kuirusha.

Majibu yenyewe usiyatoe kama sentensi za sheria, mpe kitu cha kuona. Siku ya shoka tulizima taa, tukaweka bakuli la kweli la maji katikati ya meza na mshumaa pembeni, kijiko cha chakula ndo shoka. Mchezaji wetu wa bardi (karakta mwimbaji mwenye uchawi) akakishika juu ya maji, akauliza nani. Akapata 14. Nikamwambia maji yametulia ila kivuli cha shoka ndani yake kina mpini mrefu zaidi, na kwenye mpini kuna alama tatu zimekwaruzwa kwa kucha. Alama tatu, ya mwisho fupi. Akauliza anataka nini, akakosa, akapokea uchovu, nikamwambia unasikia mwanamke anaita majina matatu na la tatu hamalizi. Yule mwenye karakta wa shoka akasema polepole, "ni watoto wake." Hakuna aliyemwambia. Na ghafla ile hasira ya kumvamia aliye karibu ikawa na maana, ni mama anayepiga kila anayemsogelea kwa sababu waliowadhuru watoto walisogea wakati ule na yeye hakupiga.

Swali la tatu hawakuuliza, waliogopa uchovu. Wakaenda njia ya Remove Curse, uchawi wa kuondoa laana, ambayo kleriki (karakta kuhani) au wizadi (karakta mchawi msomi) anaifikia levo ya 5. Wakumbushe mapema kwamba Remove Curse kwenye kifaa haiui laana, inakata tu kufungamana ili mtu aweze kukitupa. Laana inabaki ndani ikimsubiri mwingine. Ukitaka iishe kabisa andika sharti lako mwenyewe, na liwe linatoka kwenye jibu la swali la pili.

Kitu kimoja kabla hamjaanza, tena nakisisitiza. Kwetu kuna watu laana na ramli sio hadithi, kuna mtu mezani nyumbani kwao kuna jambo limeshatokea na hataki kulisikia kwenye gemu. Uliza kila mmoja pembeni, kwa meseji, sio mbele ya wenzake. Akisema hapana, toa bakuli na mshumaa, ita kitu kizima "uchunguzi" na ufanyie kwenye maktaba ya mji, maswali ni yaleyale na dadu ni zilezile.

Mwisho wa kikao anayeagua anaandika majibu kwa mkono wake kwenye kikaratasi anakibana kwenye shiti ya karakta. Sisi cha shoka bado kipo, mistari miwili imejaa, wa tatu mtupu, na shoka limezikwa chini ya daraja ambalo kampeni yetu inarudi kupita.