Shabu, chokaa na ndimu: somo la tindikali kwa shamba darasa

Maharage yakidumaa Rungwe au Njombe ilhali mbolea ya kupandia imewekwa, ng'oa shina uangalie mizizi. Ikiwa mifupi, minene, yenye ncha za kahawia, shuku alumini. Madini haya yamo katika kila udongo, na yakiwa yamefungwa kwenye mfinyanzi hayadhuru. Kiwango cha pH (kipimo cha tindikali; kadiri kinavyoshuka, tindikali inazidi) kikishuka chini ya 5.5 yanaanza kuyeyuka. Chini ya 5 mizizi inaungua. Alumini pia huifunga fosforasi, ndiyo maana mbolea huonekana haifanyi kazi.

Wakulima huelewa haraka wakiona kwa macho. Jana yake, koroga kijiko kikubwa cha chokaa nyeupe ya unga, ile ya ukutani, katika lita moja ya maji ya mvua, funika, acha ituame. Siku ya somo, yeyusha shabu (chumvi yenye alumini) iliyosagwa, kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, katika glasi ya maji ya mvua. Maji yatakuwa angavu: alumini imo, haionekani. Mimina humo maji angavu yaliyo juu ya machicha ya chokaa, kidogo kidogo, hadi robo glasi. Litatokea wingu jeupe kama uji mwepesi, kisha litatuama. Hiyo ndiyo alumini iliyorudi kufungwa. Sasa kamulia ndimu iliyochujwa, vijiko viwili vikubwa, ukoroge: wingu linafifia.

Ukitumia maji ya kisima, chokaa yenyewe huweka ukungu na somo linaharibika. Kwa hiyo weka glasi ya pili isiyo na shabu, uitie maji ya chokaa vilevile; ikibaki angavu, maji ni mazuri. Usitikise machicha ya chokaa, na yasiingie machoni. Siki hufanya kazi taratibu. Ndimu huwahi kwa sababu asidi yake pia huikamata alumini, jambo ambalo samadi iliyoiva hulifanya shambani.

Shambani tumia chokaa ya kilimo, si ya ukutani. Pima udongo kwanza, kwa mfano TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo, Mbeya). Kipimo kikisema tani 2 kwa hekta, ni mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari. Imwage Septemba au Oktoba, uichanganye na udongo hadi sentimita 15 au 20. Ikibaki juu, mizizi ya chini haipati nafuu. Usiichanganye na urea, naitrojeni itapaa hewani. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ikitumika kila msimu hurudisha tindikali.

Chai usiiwekee chokaa. Viazi mviringo navyo vinastahimili, na chokaa nyingi huvisababishia ukoko kwenye ganda.