Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Jamani, watoto wenye mtindio wa ubongo (ubongo ulioathirika mapema, misuli na mwendo vikawa shida) tusiwalishe wakiwa wamelala chali au kichwa kimeangukia nyuma. Chakula huweza kupenya kwenye njia ya hewa, na nimonia nyingine za kujirudiarudia chanzo chake ni hapo. Mkalishe wima, nyonga na magoti yamekunjwa, miguu ipate pa kukanyaga, kidevu kiiname kidogo. Kaa mbele yake, kijiko kitokee chini, usubiri ameze (najua, daladala ya asubuhi haisubiri). Kwa wengi uji mzito kiasi humezeka vizuri kuliko maji.

Kiti cha kumkalisha hivyo? Seremala wa mtaani ataweza, ila vipimo vitoke kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, hospitali ya CCBRT Msasani au Muhimbili, Dar es Salaam. Akikohoa kila mlo, mpeleke hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.