Kabla Hujamlipa Fundi wa Programu ya Duka

Usianzie kwa fundi, anzia kwenye daftari la madeni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ukimuuliza anataka programu ifanye nini, atakujibu "ioneshe mauzo na stoo," basi. Daftari lake ndilo linalosema kweli: mteja aliyechukua mifuko kumi ya saruji akalipia minne, nondo zilizotoka kwa mali kauli, misumari iliyonunuliwa kwa katoni ikauzwa kwa kilo, mfuko uliorudishwa umeganda. Nakili mambo ishirini ya aina hiyo, hasa yale ambayo hata wewe unapata shida kuyaeleza. Hiyo ndiyo mitihani ya programu, na iwe tayari kabla fundi hajagusa kompyuta, hata kama fundi mwenyewe ni mtoto wa shemeji.

Watu 17 waliokutana Utah, Marekani, mwaka 2001 na kuandika tamko la ajaili (Agile, mtindo wa kutengeneza programu kipande kwa kipande) walitanguliza programu inayofanya kazi mbele ya lundo la nyaraka. Wako mafundi wanaolisoma kama ruhusa ya kutoandika chochote. Wewe dai kadi moja kwa kila hitaji: nani anataka, anataka nini, tutajuaje limetimia. Mfano: muuzaji apokee malipo nusu, na salio lionekane papo hapo kwenye jina la mteja. Kadi isiyo na hilo la tatu irudishe.

Mkaguzi awe yule anayesimama kaunta, si bosi. Mchoreeni skrini kwenye karatasi, mumwache abonyeze kwa kidole bila kumwelekeza. Akisita, tatizo ni la mchoro.

Kazi ikatwe vipande vya wiki mbili, na malipo yafuate kipande kilichokubaliwa. Muulize fundi mapema umeme ukikatika katikati ya mauzo inakuwaje, na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, itatokaje bila kupiga mauzo mara mbili. Kama utahifadhi majina na simu za wateja, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Amueni nani ataziona.

Daftari lisifungiwe kabatini siku ya uzinduzi. Liendelee kuandikwa sambamba na programu mpaka hesabu za jioni zilingane siku kumi na nne mfululizo. Zikipishana hata kwa shilingi mia tano, anzeni kuhesabu siku upya.