Kufunga kabati la kuunganisha: usiguse bawaba kabla hujapima kona

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, dada yangu wa Njiro alinipigia. "Kaka, milango ya kabati inagombana." Mmoja ulikuwa umepanda, mwingine umeshuka, tofauti karibu sentimita moja. Kijana aliyekuja kulifunga alishalipwa, akaondoka akisema litakaa lenyewe likizoea. Kabati halizoei. Nikachukua futi yangu na bisibisi, nikaenda.

Nimeandika hatua hizi kwa ajili yake na kwa yeyote aliyeletewa boksi na kirikuu na sasa analitazama sebuleni.

Vifaa. Bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, futi ya chuma, pima maji, nyundo. Kama huna nyundo ya mpira, weka kandambili juu ya mbao, gonga juu yake. Drili ya umeme iache kwenye begi kwanza. Mbao hizi ni chipubodi, yaani chembechembe za mbao zilizokandamizwa na gundi, na drili inakula tundu kabla hujashtuka. Tundu likishalegea, jaza njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao, kata zilingane na uso, acha zilale mpaka asubuhi, ndipo urudishe skrubu.

Hatua ya 1: Hesabu. Tandika boksi lenyewe sakafuni ili mbao zisichubuke. Skrubu zipange kwenye trei ya mayai, kila aina na shimo lake.

Hatua ya 2: Jua mbele ni wapi. Ukingo uliobandikwa utepe laini ndio unaotazama mbele. Ukingo unaoonyesha chembechembe unakwenda nyuma au ukutani. Ni jambo la sekunde mbili, lakini nimewahi kufumua kabati zima kwa sababu ya rafu moja niliyoigeuza.

Hatua ya 3: Vijiti na vile vichuma vya duara. Vijiti vya mbao vinaingia kwa kugongwa taratibu. Vichuma vya duara vina mshale: kabla ya kuunganisha mbao mbili, mshale utazame tundu lililo ukingoni, kule kichwa cha skrubu ndefu kitakakotokea. Skrubu hiyo ndefu iwe imezama mpaka kola yake iguse mbao. Ukishaunganisha, zungusha kichuma kama nusu duara kwa mwelekeo wa saa. Kikikaza, acha. Kikizunguka bure bila kushika, usilazimishe. Vuta mbao, utakuta kichwa hakijafika. Ukikaza kupita kiasi unapasua mbao, na hapo hata njiti za kiberiti hazikusaidii.

Hatua ya 4: Skwea, yaani kona zote nne ziwe za nyuzi 90. Hapa ndipo penye kazi.

Mwaka 2019 nilikuwa nimepanga chumba Kijenge. Nilinunua kabati la milango miwili, nikalifunga mwenyewe, milango ikakataa kulingana. Nikaanza kucheza na bawaba. Tangu magharibi mpaka karibu saa sita usiku nilikuwa nakaza hii, nalegeza ile, umeme ukakatika, nikaendelea na tochi ya simu mdomoni. Matundu mawili ya bawaba yakalegea kabisa. Asubuhi baba mwenye nyumba, fundi ujenzi wa zamani, alichungulia akauliza swali moja tu: "Kijana, ulipiga skwea?"

Fundi akitandika msingi, anapima kamba kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, na pande zinazotazamana zina urefu sawa, nyumba iko skwea. Kabati ni vilevile. Fremu iliyolala upande kidogo inasukuma mlango mmoja juu na mwingine chini, na hakuna bawaba itakayoponya hilo.

Kinachoshika skwea ni ile hadibodi nyembamba ya nyuma ambayo watu wanaidharau, wengine hata wanaigongea misumari minne tu. Fanya hivi: laza kabati kifudifudi, uso chini, juu ya boksi. Weka hadibodi, gonga misumari upande mmoja tu, ule mrefu. Kisha pima kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu zile nyingine mbili. Kwa kabati la dada, lenye kimo cha sm 210 na upana wa sm 80, vipimo vyote viwili vinapaswa kukaribia sm 225. Vya kwake vilipishana karibu sentimita mbili. Sukuma zile kona mbili zenye kipimo kirefu zikaribiane, pima tena, sukuma tena. Huna futi? Tumia kamba yenye fundo. Mwite mtu ashike ncha ya pili, maana futi inayoteleza kwenye kona inadanganya. Vikilingana, mtu huyo ashikilie fremu isicheze huku wewe ukigonga misumari pande zilizobaki, kila baada ya sm 10 hadi 15.

Kwa dada ilibidi tung'oe misumari yote ya yule kijana. Alikuwa amegonga kwanza, hakupima kamwe.

Kabla ya kuinua, angalia dari. Kabati la sm 210 lenye kina cha sm 60 linahitaji karibu sm 219 wakati linainuka, kwa sababu linapita kwa kona yake.

Halafu kuna sakafu. Vyumba vyetu vingi vina sakafu inayoteremka kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya deki yatoke. Kabati lililo skwea likisimama hapo linapinda tena. Weka pima maji juu yake, kisha tia kabari chini ya kona iliyozama. Mimi natumia vipande vya vigae. Karatasi ya boksi iliyokunjwa siitaki: inanyonya maji ya deki, na chipubodi iliyo juu yake inavimba kama andazi.

Hatua ya 5: Bawaba. Sasa ndiyo uziguse. Skrubu ya mbele inasogeza mlango kushoto na kulia, ya nyuma inauingiza na kuutoa, zile za bamba lililofungwa ubavuni mwa kabati zinaupandisha na kuushusha. Robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Hatua ya 6: Funga ukutani. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliondoa sokoni Marekani makabati ya droo yapatayo milioni 29, kwa sababu yalikuwa yakiangukia watoto yasipofungwa ukutani. Mtoto wa dada ana miaka miwili na anapanda kila kitu. Hapa drili inaruhusiwa: biti ya ukuta, plagi ya plastiki ya kushika skrubu ukutani, na kipande cha chuma cha kona juu ya kabati.

Saa sita kasoro dada akafunga milango, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akanionyesha skrubu tatu zilizobaki kwenye trei. Ni za droo. Kelele za drili na droo tuliziachia asubuhi, majirani walikuwa wamelala.