Jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi

Pumzi za haraka kwa mtoto mwenye kikohozi zinaweza kuwa dalili ya nimonia, yaani maambukizi ya mapafu. Bakteria wakifika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, chembe nyeupe za damu huvikimbilia. Mishipa midogo hupanuka na kuvujisha maji, vifuko vinajaa maji na usaha, na oksijeni haipiti vizuri. Ulinzi huohuo wa mwili ndio unaomfanya mtoto ahemee juujuu. Mwili unafidia oksijeni iliyopungua.

Majira ya kipupwe hapa Dodoma, Juni na Julai, vumbi na moshi wa jiko ndani ya nyumba iliyofungwa huzidisha kikohozi, kwa hiyo usikisie, hesabu. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Pandisha nguo, angalia tumbo na kifua, hesabu kila kinapoinuka kwa dakika 1 nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha utakosea, maana watoto wachanga hupumua bila mpangilio. Homa kali nayo huongeza kasi: ishushe, kisha rudia.

Pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa mwaka 1 hadi 5. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Nyama ya chini ya mbavu ikiingia ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usingoje asubuhi.

Akiandikiwa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, amalize dozi hata akichangamka mapema.