Laga ikijaa: jinsi ya kujiandaa ukiwa Kakuma

Mvua ya kuogopa hapa Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, ni ile inayonyesha mbali milimani. Kwetu jua linawaka, watoto wanacheza kwenye mchanga, na laga ya Tarach, mto unaokauka mvua isiponyesha, inateremka ghafla na maji mazito ya matope. Kwa hiyo wenzangu, hasa nyinyi mliofika juzi mkapewa kiwanja karibu na ukingo, jiandaeni kungali kukavu.

Anza na karatasi, godoro baadaye. Manifesti (karatasi ya usajili wa familia), kadi ya mkimbizi, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, pamoja na laini ya simu inayopokea Bamba Chakula, yaani msaada wa pesa za chakula: hiyo ikipotea, sufuria inalala. Mwenyeji akipoteza kitambulisho, chifu anamjua. Sisi daftari letu liko kwa serikali tuliyoikimbia, na cheti kilichoandikwa Uvira, kule Congo, utamtuma nani akakifuate? Kila karatasi ipige picha umtumie ndugu unayemwamini aliye mbali. Kisha zitie kwenye mfuko wa plastiki, kunja mdomo mara mbili, tia kwenye mfuko wa pili, funga kwa mpira. Ziweke kwenye begi la mgongoni, lining'inie karibu na mlango.

Halafu nyumba. Matofali yetu mabichi yanalainikia chini kwanza, ukuta unakaa chini kama mtu aliyechoka. Chimba mtaro kuizunguka, udongo unaoutoa ushindilie na mawe kwenye msingi. Mdomo wa mtaro uelekeze mteremkoni, usimmwagie jirani. Uchimbe mpana kuliko unavyodhani unatosha: baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana mfululizo tangu mwisho wa 2020, ardhi ilikuwa ngumu hainywi maji, na mvua kubwa za El Niño za mwisho wa 2023 zikatukuta hivyo.

Mtaniuliza kwa nini tusihame tu. Kiwanja huchagui, na kutoka kambini ni kwa kibali. Kurudi? Mimi vita vilinitoa Uvira, na Aprili 2020 mto Mulongwe ukabomoa nyumba ya dada yangu aliyebaki. Huko nako maji na bunduki vinapokezana.

Laga ikishaanza kunguruma, usivuke hata kama maji yako magotini. Yanamwangusha mtu mzima. Beba begi, shika watoto, panda juu.

Maji yakipungua, kung'uta viatu na matandiko, nge wanakimbilia pakavu. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote. Mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kisawazishwe. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkielekea kliniki.

Karatasi iliyopotea ripoti siku hiyohiyo, ukiwa na ile picha kwenye simu. Usingoje foleni ipungue.